Kutoka Safina hadi Uzamili: Mwanafunzi wa Delta ya Rufiji na Elimu ya Sheria

Vijana wa Kibiti na wa vijiji vya delta ya Rufiji waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria hutuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Je, inafaa kuendelea na shahada ya uzamili ya sheria, ile inayosomwa darasani somo baada ya somo na kumalizikia na tasnifu, au ni kupoteza miaka na fedha kwa ajili ya karatasi? Wazee nao wana swali lao, nalo ni zito zaidi: mtu aliyehudhuria vipindi kwa mwaka mmoja na nusu au miwili ataitwaje bingwa wa sheria, hali wao walikaa juu ya mkeka miaka na miaka na kitabu hakijaisha?

Ndugu msomaji, maswali haya mawili hatuwezi kuyajibu kwa nasaha tupu. Yana historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika pwani yetu wenyewe. Basi tuanze na mkeka, kwa kuwa mzee ndiye aliyeuliza swali zito.

Mwanafunzi wa fiqhi katika mwambao huu, kwa madhehebu ya Imamu Shafii (r.a.), huanza na Safinatun-Najaa. Akitoka hapo huingia katika matini ya Abu Shujaa pamoja na sharhi yake Fat-hul-Qarib, kisha Umdatus-Salik au Fat-hul-Muin. Mwenye subira hufika kwenye Minhajut-Talibin ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277). Mwalimu husoma jumla, huifasiri, huitolea mfano wa hapo hapo kijijini, na mwanafunzi hujaza pambizo za kitabu kwa maelezo. Hakuna siku ya mtihani, kwani kila siku ni mtihani. Mwalimu akiridhika hutoa ijaza, na ijaza hiyo ni ya kitabu hicho, si ya kingine. Mwenye ijaza ya Fat-hul-Muin hadai kwamba ana ijaza ya Minhaj.

Sasa tuutazame utaratibu huu kwa macho ya chuo kikuu. Kila kitabu ni somo. Kila somo lina mwalimu wake, lina matini iliyowekwa, lina mwisho wake, na shahada ya mwisho ni jumla ya yale aliyoyasoma mtu mbele ya walimu. Huu ndio uzamili wa njia ya masomo. Anayetofautiana na mkeka wetu ni yule anayeandika utafiti peke yake kwa miaka mitatu au minne juu ya suala moja tu, akionana na msimamizi wake mara kwa mara. Kwa hiyo mzee wetu anayeitilia shaka shahada ya darasani, kwa hakika anaitilia shaka ile iliyo karibu zaidi na chuo alichosomea yeye.

Wala tasnifu si kitu kigeni. Ilipofunguliwa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad mwaka 459 H (1067), ilikuwa ni madrasa ya fiqhi ya Kishafii, na Imamu Abu Is-haq Shirazi, aliyefariki 476 H (1083), ndiye aliyekuwa mwalimu wake mkuu. Mwanafunzi wa wakati huo aliandika taaliqa, yaani mkusanyiko wa masuala ya khilafu aliyoyapokea kwa mwalimu na kuyapanga yeye mwenyewe, kisha akaulizwa na kujadiliwa juu yake. Mwanahistoria George Makdisi, katika kitabu chake kuhusu kuinuka kwa vyuo kilichotoka mwaka 1981, alikwenda mbali hata akasema kwamba idhini ya kufundisha iliyotolewa na vyuo vya Ulaya ilifuata mfano wa ijaza ya kufundisha na kutoa fat'wa. Wapo wanaompinga, na sisi hatuna haja ya kugombea nani alimuiga nani. Linalotutosha ni kwamba umbo lenyewe la masomo haya lisimtishe mtu wa Safina.

Basi shaka ya mzee iko wapi, kama si katika umbo? Iko katika kinachosomwa. Hapo tunakubaliana naye nusu, na nusu ya pili tutaieleza.

Delta haikuwa pembe iliyosahauliwa. Majahazi yaliyopakia boriti za mikoko yalikwenda Unguja, Lamu, Uarabuni na Ghuba, na bahari hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya elimu. Aliyetaka fiqhi ya juu alielekea Unguja, walikofundisha Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Wakati huo aliyeijua Minhaj aliijua sheria iliyokuwa ikihukumu ndoa, mirathi na wakfu za watu wake. Elimu ya mkekani na elimu ya mahakamani zilikuwa kitu kimoja.

Zilitengana taratibu, na tungependa kukaa kidogo hapa. Mahakimu wa Kiingereza hawakuipuuza fiqhi. Waliisoma, lakini waliisoma vipi? L. W. C. van den Berg aliifasiri Minhaj kwa Kifaransa, ikachapishwa Batavia kati ya 1882 na 1884 kwa matumizi ya Wadachi huko Indonesia. Kisha E. C. Howard akaigeuza hiyo ya Kifaransa kuwa ya Kiingereza mwaka 1914. Hakimu wa Afrika Mashariki akawa anasoma tafsiri ya tafsiri, bila sharhi, bila pambizo, bila mwalimu. Pembeni yake alikuwa na kitu alichokijua vizuri zaidi, nacho ni hukumu zilizokwisha kutolewa India.

Matokeo yake yalionekana katika shauri la Fatuma binti Mohamed bin Salim Bakhshuwen, lililotoka Kenya na kuamuliwa na Baraza la Faragha la London, likachapishwa katika ripoti za mwaka 1952. Suala lilikuwa wakfu wa familia: mtu ameweka mali yake wakfu kwa kizazi chake, na kizazi kikikatika iende katika heri. Mlango wa wakfu katika Minhaj hauoni tatizo katika kuwawekea watoto wakfu. Lakini mwaka 1894, katika shauri la Abul Fata kutoka India, Baraza hilo hilo lilikuwa limesema kwamba wakfu ambao sehemu yake ya masikini iko mbali mno ni batili. India yenyewe ilibidi itunge sheria mwaka 1913 kuurekebisha uamuzi huo. Waislamu wa Kishafii wa mwambao wa Afrika, karibu miaka 60 baadaye, wakafungwa kwa kauli iliyotolewa juu ya watu wengine na ambayo wenyewe walikwisha kuikataa.

Majaji wale hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa katika nusu ya elimu. Na kwa upande wa pili, masheikh walioijua Minhaj kwa moyo hawakuwa na njia ya kusimama mbele ya Baraza la Faragha na kueleza kwamba Abul Fata haiwahusu. Walikuwa mabingwa wa nusu nyingine. Hakuna aliyekuwa na zote mbili, na mali ya watu ikapotea katikati.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaziondoa mahakama za maliwali na makadhi upande wa Bara. Tuziweke tarehe hizi mbili pamoja, 1961 na 1963. Mlango mmoja wa elimu ya sheria ulifunguliwa na mwingine ukafungwa, karibu kwa wakati mmoja. Lakini fiqhi haikutoka mahakamani. Sheria ya nchi iliendelea kusema kwamba Waislamu wanaofuata sheria ya Kiislamu wahukumiwe kwayo katika mirathi, wakfu na mambo ya namna hiyo, na mwaka 1964 ikapitishwa sheria maalumu kuhusu kuielezea upya sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo Mahakama ya Mwanzo, yenye hakimu na washauri wake, ilirithi kazi ya kadhi bila kurithi darsa lake.

Wakati huo, aliyetaka uzamili alikwenda nje. Shahada ya LL.M. ya London ilikuwa ya masomo, na vyuo mbalimbali vya jiji hilo vilishirikiana kuifundisha. Profesa Issa Shivji, kwa mfano, aliipata huko mwaka 1971 katika chuo cha LSE, kabla ya kurudi na kupata uzamivu wake Dar es Salaam mwaka 1982. Aliyetaka somo la sheria ya Kiislamu London aliingia darasani kwa J. N. D. Anderson, ambaye kitabu chake juu ya sheria ya Kiislamu katika Afrika kilitoka mwaka 1954. Anderson alikuwa amefanya kazi ya umisionari Misri kabla ya kuwa profesa. Hatulisemi hili kwa kejeli. Alikuwa mtafiti hodari na alizitembelea mahakama zetu. Tunalisema ili msomaji aone mahali tulipofikia: mtoto wa Safina anasafiri hadi London ili akaisikie fiqhi ya kwao kwa mmisionari wa zamani, kwa sababu huko tu ndiko ilikofundishwa pamoja na sheria ya serikali.

Turudi Kibiti, maana hapa ndipo jambo hili linapouma.

Chukua mfano, na ni mfano tu. Mtu wa kijiji kimojawapo cha delta amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mali yake ni minazi, mtumbwi, nyavu na shamba la mpunga. Kwa faraidhi hesabu haina ubishi. Mke ana thumni, yaani sehemu 1 katika 8. Zinazobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Tukiisahihisha mas-ala hii kwa 40, mke atapata 5, kila mtoto wa kiume 14, na binti 7. Sasa shemeji anasimama mahakamani na kusema marehemu aliishi kimila. Hakimu atauliza juu ya mwenendo wa maisha ya marehemu, kwani ndivyo mahakama zetu zinavyopima ni sheria ipi itumike. Na mila ikisomwa kwa mujibu wa tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililokusanywa na Hans Cory kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutunzwa na wanawe. Zile sehemu 5 katika 40 zinayeyuka kwa neno moja, "kimila". Sheikh wa kijiji anaijua thumni lakini hajui namna ya kuuthibitisha mwenendo wa maisha wala namna ya kukata rufaa. Wakili anajua rufaa lakini hawezi kueleza kwa nini mtu wa Kindengereko au Kinyagatwa aliyeswali, aliyeoa kwa khutba na kuzikwa kwa sunna asihesabiwe kuwa ni wa mila kwa sababu tu alicheza ngoma ya mavuno. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa hata kuingia katika Mahakama za Mwanzo, kwa hiyo mjane aliachwa na sheikh peke yake.

Jambo la pili ni ardhi. Mikoko ya Rufiji, ambayo ni zaidi ya hekta 50,000, iliwekwa chini ya hifadhi na Wajerumani tangu mwaka 1898. Watu walikuwamo ndani yake kabla ya hapo na wameendelea kuwamo. Kwa fiqhi, anayehuisha ardhi mfu huimiliki, na Mtume (s.a.w.) amelieleza hilo waziwazi; ingawa fuqahaa walijadili sana harimu ya mto na ya bahari, ambayo haihuishwi. Kwa sheria ya msitu, huyo huyo aliyehuisha ni mvamizi. Jambo hili lilikuwa limelala katika makaratasi hadi lilipokuja shirika la African Fishing Company na mpango wa kufuga kamba katika mabwawa ya hekta 10,000 ndani ya delta. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi ukataliwe. Baraza la Mawaziri likauidhinisha mwaka 1997. Wakati ule hakukuwa na sheria iliyolazimisha tathmini ya athari kwa mazingira kama iliyokuja mwaka 2004, na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zilikuwa bado hazijatungwa.

Wakazi wa delta walikwenda Mahakama Kuu. Waliosimama nao ni LEAT, jumuiya ya wanasheria wa mazingira iliyoanzishwa mwaka 1994. Mabwawa yale hayakujengwa. Hatusemi kwamba ni hoja za mahakamani peke yake zilizoyazuia, kwani mambo mengi yalikutana. Lakini tunajua kwamba wavuvi na wakulima wasingeweza kuitikisa hoja ya serikali bila watu waliojua sheria ya utawala, haki ya kusikilizwa na kanuni za mazingira. Haya ni masomo ya ngazi ya uzamili. Shahada ya kwanza huyapitia kwa haraka au haiyafikii kabisa.

Tumwambie basi kijana wa Kibiti lile tunaloliona. Aende akasome, na achague njia ya masomo kuliko ya utafiti mtupu, kwa sababu shida ya delta si suala moja. Ni ardhi, mirathi, mazingira na utawala kwa pamoja, na njia ya masomo humlazimisha mtu kukaa mbele ya walimu wanne au watano tofauti, kama ambavyo Fat-hul-Muin haikumtosheleza mtu asiyepita kwanza kwa Abu Shujaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, vyote hutoa uzamili wa sheria. Hicho cha mwisho kinamfaa mwenye familia asiyeweza kuhama. Asichanganye uzamili na mafunzo ya Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007: yale ni ya kumwandaa mtu kuwa wakili, nayo ni lazima kwa njia hiyo, lakini hayampi mtu elimu mpya ya nadharia.

Upande wa fedha, wengi walikuwa wakijizuia kukopa katika Bodi ya Mikopo kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyoleta mjadala mrefu wa riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hata hivyo fedha za Bodi kwa sehemu kubwa huelekezwa shahada ya kwanza, kwa hiyo wa uzamili ajipange kwa mshahara wake au kwa ndugu.

Na nusu ile tuliyokubaliana na mzee ni hii: masomo hayo pekee yake hayatoshi. Katika orodha ya masomo huenda asikute sheria ya Kiislamu kabisa, au akaikuta kama tawi la "sheria za watu binafsi" lililofundishwa kutoka katika hukumu, sio kutoka katika vitabu. Waliopitia shahada za sheria pamoja na sharia katika Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1998, au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza 2005, wana mwanzo mzuri zaidi. Wengine wasiache darsa. Anayesoma hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyosema kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na asijue kwamba kauli mashuhuri ya madhehebu yetu haimwajibishi mke kazi hizo, atadhani Jaji Mkuu Nyalali alileta jambo geni kwa Waislamu. Aliyesoma vyote viwili ataona swali la kweli: ikiwa si wajibu wake, na ameifanya, je, ameitoa kama hisani au ana ujira? Hilo ni suala la kuandikia karatasi ya muhula, na hakuna wa kuliandika vizuri kuliko aliyepita pande zote mbili.

Tasnifu nayo isiwe juu ya mambo ya mbali. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022 na kuzalisha umeme mwaka 2024. Aprili mwaka huo huo mafuriko yaliingia katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Maji ya mto huo sasa yana mkono unaoyafungua na kuyafunga. Wavuvi na wakulima wa delta wako chini kabisa ya mto. Katika milango ya fiqhi kuna haki ya maji, na asili yake ni hukumu aliyoitoa Mtume (s.a.w.) baina ya Zubeir (r.a.) na jirani yake katika mfereji wa Harra: aliye juu anyweshe, kisha amwachie aliye chini. Fuqahaa waliijengea masuala mengi: kiasi gani azuie, lini afungulie, nani adhamini maji yakiharibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo ina vibali, mabonde na bodi zake. Bado hatujaona kijana wa Nyamisati, Mbwera au Salale aliyeziweka hizi mbili ubavuni kwa ubavu na kuuliza aliye chini ya Mto Rufiji ana haki gani kwa aliye juu. Akitokea, vitabu vya mlango huo tunavyo, na tuko tayari kuvisoma naye.